Bwana Ghorofa na Usingizi Aliouomba

Wasifu huu unasomwa na dada yake marehemu, yule anayemfuata kuzaliwa. Kamati ya mazishi iliomba habari za marehemu zitoshe ukurasa mmoja. Dada yake akaitikia vizuri, kisha akaandika alivyotaka. Ndivyo alivyo, wanaomjua wasishangae. Lakini safari hii ana sababu. Tangu Jumatano kuna maneno yanapita chini chini, kwenye foleni ya chai na pale nyuma kwenye viti vya plastiki, kwamba mke wa marehemu alikaa akamtazama mumewe akifa. Mjane ameyasikia. Ameketi hapa mbele, na wenye maneno hayo hajawajibu. Basi habari za marehemu zitasomwa zote, na kila mmoja azisikie kwa masikio yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba alikuwa mshona viatu, mama akifua nguo za watu. Mtoto huyu alikuwa na kipaji kimoja kilichojulikana mtaa mzima, nacho ni kulala. Alilala chini ya meza baba akigongomea soli juu ya kichwa chake. Siku moja alipotea tangu asubuhi, mama akazunguka nyumba kwa nyumba roho mkononi, kumbe bwana mkubwa yumo ndani ya beseni, amefunikwa na mashuka ya watu, anakoroma. Mama alikuwa akisema, "Huyu iko siku atalala tusahau kumwamsha." Ulikuwa utani, na ndugu zake waliurithi wakaucheka miaka na miaka. Wiki hii hakuna aliyethubutu kuurudia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu wa hesabu alichoka kumpiga chaki za kichwa, akaamua kumsimamisha dirishani ili asisinzie. Akalala amesimama, paji la uso kwenye kioo. Mwaka 1974 aliingia chuo cha ufundi, na huko ndiko alikoamka. Chochote chenye kamba, gurudumu na breki kilimvuta. Alihitimu mwaka 1977 katika umeme na mitambo, na cheti chake mama alikifungia kabatini pamoja na sahani za wageni.

Machi 1978 aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikihudumia lifti za majengo marefu mjini, na huko alifanya kazi miaka thelathini. Ndipo alipopewa jina la Bwana Ghorofa, yeye aliyeishi maisha yake yote katika nyumba ya chini. Alikuwa akianza siku juu kabisa, kwenye chumba cha mashine chini ya paa, anaweka kiganja kwenye mota kuona joto lake, kisha anashuka akiwa amesimama juu ya kibanda cha lifti, shimoni, na tochi na kopo la grisi. Akiitwa kwenye sherehe katika jengo lolote, alipanda kwa ngazi. Watu walipomuuliza alijibu, "Mimi nazijua lifti, ndugu yangu, ndiyo maana."

Kuna desturi moja ya kazi yake ambayo lazima ielezwe hapa. Fundi akiwa shimoni, hutundikwa kitambaa chekundu kwenye mlango wa lifti na kingine kwenye swichi kubwa. Maana yake mtu yuko ndani, usiguse kitu. Mafundi hawakujadili kitambaa. Hata mkurugenzi akifika na wageni wake, akikikuta, anageuka na kupanda ngazi. Marehemu alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini kwa kitambaa hakuwa na dogo. Aliwahi kumfukuza kazini msaidizi aliyekitumia kufutia mikono.

Mkewe alimpata kazini. Mwaka 1985 lifti ya jengo la bima ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ndani yake mpiga chapa mmoja wa ghorofa ya sita. Marehemu alipanua mlango kidogo, akamtuliza kupitia upenyo.

"Dada, usiwe na wasiwasi, breki zimekamata."

"Nani kakwambia nina wasiwasi? Nina njaa."

Akamkatia nusu ya mkate wake, akaupenyeza. Yule dada akaula wote, kisha akauliza kama kwao hakuna siagi. Kazi ya nusu saa siku hiyo ilichukua saa mbili. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba bolti moja aliikaza na kuilegeza mara nne. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na kujaliwa watoto watatu. Wifi huyu na dada wa marehemu waligombana mwaka wa kwanza wote kwa sababu ya pazia, wakapatana kwa sababu ya pazia hilo hilo, na tangu hapo hawajaachana.

Tarehe 22 Mei 2008, katika jengo la ofisi, marehemu alikuwa amesimama juu ya kibanda akipaka reli grisi. Chini, mtu mmoja asiye fundi aliona kitambaa kwenye swichi, akadhani kimesahauliwa na mafundi wa jana. Alikuwa na haraka. Akakitoa, akawasha. Kibanda kilipanda kwa mshtuko na marehemu akaporomoka ubavuni mwa kibanda hadi chini ya shimo. Alipasuliwa mgongo mara mbili. Alisimama tena, akatembea kwa fimbo, na madaktari wakasema ana bahati. Lakini mishipa ya mgongo haikupona, na kuanzia hapo maumivu hayakumwacha.

Aliyaeleza mara moja tu. Alisema ni kama waya wa moto umepitishwa kiunoni hadi kwenye kidole gumba cha mguu, na kuna mtu ameushika mwisho wake anauvuta anapojisikia. Kulala chali hakuweza, kulala kifudifudi hakuweza. Yule mtoto wa kwenye beseni, usingizi ulimhama. Akawa mtu wa kuegemea meza ya jikoni, kipaji cha uso juu ya mikono, dakika kumi hapa, dakika ishirini pale. Vidonge vilimtapisha na kumfanya asahau majina ya wajukuu. Mkewe alizijua sauti zake zote: mguno wa kukaa, mguno wa kuinuka, na ule mwingine wa chini kabisa ambao watoto walikuwa wakitoka nje wasiusikie. Hali hiyo ilidumu miaka kumi na moja.

Ndipo kitambaa kilipohamia nyumbani. Wifi ndiye aliyekianzisha. Siku moja mumewe alisinzia mchana kwenye kochi la dirishani, jambo la nadra, na jirani yao seremala akawa anaranda mbao. Wifi alichukua kitambaa chekundu kutoka kwenye sanduku la spana, akakitundika kwenye uzio, akaenda kwa seremala na kumwambia, "Shemeji, kile kikiwepo, mtu yuko ndani." Seremala akaweka randa chini. Baada ya wiki chache mtaa mzima ulikuwa umejua. Bawaba za milango zilipakwa grisi ya lifti. Mifuniko ya sufuria ililazwa juu ya taulo. Muuza ndoo akikiona kitambaa, alifunga mdomo na kupita kimya hadi kona ya pili. Watoto wa shule walivuka pale kwa kunyata, wengine wakishindana nani hatasikika. Ulikuwa upendo mkubwa, na kila aliyeshiriki alijivunia.

Mwaka 2019 walimpata daktari wa maumivu, mwanamama mfupi asiyependa maneno mengi. Aliwaonyesha pampu: kopo la chuma, duara, ukubwa wa kopo la rangi ya viatu. Akaeleza kwamba litawekwa chini ya ngozi ya tumbo, na mpira mwembamba utapita ndani kwa ndani hadi kwenye uti wa mgongo, udondoshe mofini, dawa kali ya maumivu, tone kwa tone pale pale penye shida. Kila baada ya wiki kadhaa dawa itajazwa kwa sindano kupitia ngozi, kwenye kizibo cha mpira kilicho katikati ya kopo.

"Nani anaihudumia?" marehemu akauliza. "Ina grisi?"

"Haina grisi, mzee. Ina hatari." Daktari akaliweka kopo mezani. "Dawa iliyomo humu ni ya wiki nyingi. Ikikaa kwenye kopo, iko salama. Ikimwagika mwilini kwa mkupuo, mtu anasinzia, halafu anasahau kupumua. Mnanielewa?"

Walielewa. Wifi alilitazama lile kopo kwa muda mrefu na hakupenda namna lilivyong'aa. Mumewe alijaribishiwa dawa kwanza, ikakubali, na tarehe 7 Machi 2019 akawekewa. Alirudi nyumbani akijigonga tumboni kwa kidole na kusema amekuwa jengo, sasa ana mashine yake. Wiki ya pili alilala kuanzia jioni hadi jua lilipokuwa juu. Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda akamtazama, akalia kwa furaha, na bado moyo wake haukutulia.

Woga huo aliubeba peke yake. Kila mumewe alipolala, yeye alihesabu pumzi. Mwaka 2021 daktari aliongeza kiasi cha dawa, na siku ya tatu marehemu akasinzia mezani kijiko kikiwa mkononi. Wifi alimtikisa, akamwagia maji, akapiga kelele hadi seremala akaja na gari. Hospitali walimpima jioni nzima. Hakuwa na kitu. Alikuwa mtu aliyechoka miaka mingi, anajilipa deni lake la usingizi. Lakini yale mahangaiko yaliamsha mgongo, na hakulala tena kwa wiki nzima.

Dada yake alikuwepo sebuleni siku marehemu alipoongea. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu, na siku hiyo alilia.

"Mama watoto, nimekuomba nini katika maisha haya? Usingizi tu. Ukiniamsha unanirudisha kule kule shimoni. Usinifanyie tena."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Usiniamshe tena. Niahidi, huyu hapa asikie."

Wifi aliinama, akakunja upande wa khanga, akaukunjua. "Sitakuamsha," alisema. Dada wa marehemu alisikia, naye ni shahidi.

Kwa miaka minne ahadi hiyo haikuwa na uzito wowote. Marehemu alilala. Alinenepa kidogo. Alimfundisha mjukuu wake wa kike kusuka waya za chuma na kutaja sehemu zote za breki. Alihudhuria kila siku ya kujazwa dawa bila kukosa, maana fundi gani anaruka huduma ya mashine? Muuguzi aliyemhudumia alikuwa mama mmoja mwenye mkono mwepesi, anapapasa tumbo, anakiona kizibo kwa vidole, anaingiza sindano mara moja, basi. Katikati ya mwaka huu mama huyo alistaafu.

Jumatano, tarehe 17 Septemba 2025, asubuhi, marehemu na mkewe walikwenda hospitali kama kawaida. Muuguzi alikuwa mgeni. Alipapasa, akachoma, akatoa, akapapasa tena. Wifi alisimama upande wa miguu na hakuupenda ule mkono. Marehemu ndiye aliyemtuliza muuguzi: "Polepole tu, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nakosa bolti." Safari ya tatu sindano ilikaa. Walikalishwa kwenye benchi la korido muda uliotakiwa, na wakati wa kuondoka muuguzi akasema, "Mama, akisinzia kuliko kawaida yake, mrudishe haraka."

Wanaonong'ona pale nyuma wajibu swali moja. Kawaida yake ilikuwa ipi? Mtu aliyelala kwenye beseni utotoni, akanyimwa usingizi miaka kumi na moja, akarudishiwa, akawa analala mchana na jioni na asubuhi, mkewe alipaswa kupima kwa kipimo gani?

Walifika nyumbani. Alikula vizuri. Alijinyoosha kwenye kochi la dirishani, akasema, "Leo usingizi unanijia wenyewe, mtamu kama wa zamani." Wifi akatoka, akatundika kitambaa. Seremala alizima msumeno katikati ya ubao. Muuza ndoo alipita na midomo yake imefungwa. Dada yake, huyu anayesoma, alitokea kona ya barabara na mfuko wa machungwa, akakiona kitambaa, akageuza akarudi kwake. Mtaa ulikuwa kimya kuliko siku zote, hata kuku wa jirani hawakusikika.

Yanayofuata wifi aliyasimulia mwenyewe usiku ule ule. Alikaa kwenye kigoda mlangoni akichambua mchele. Alisikia mkoromo. Ulikuwa mzito, ukipanda, ukikatika, kisha ukianza tena kwa kuvuta kwa nguvu. Mara moja ulikatika kwa muda mrefu, akasimama. Alimkaribia. Uso wake ulikuwa umelegea, mikunjo yote imefunguka, uso wa yule fundi wa upenyoni na nusu ya mkate. Mkono wa wifi ulifika hadi juu ya bega la mumewe, haukuligusa. Mkoromo ukarudi. Akaurudisha mkono. Alisimama pale, maneno ya muuguzi upande mmoja na ahadi yake upande mwingine, na mumewe akiwa na sura ya raha ambayo hakuwa amemwona nayo kwa miaka mingi. Akarudi kwenye kigoda.

Baadaye mkoromo ukaisha, akafikiri amegeuka ubavu. Akaendelea na mchele kidogo. Kisha akagundua hasikii hata pumzi, sinia likamponyoka, na akaivunja ahadi. Alimwita kwa jina alilopewa na mama yake, jina ambalo hakuwahi kumwita nalo tangu waoane. Aliliita kwa sauti iliyovuka uzio. Na hapa kuna jambo ambalo wengi mnalijua lakini hamlisemi: watu walisikia, wakatoka, wakakiona kitambaa bado kimetundikwa, wakasimama. Walisita, kwa heshima. Seremala ndiye aliyeuruka uzio kwanza.

Hospitali walimpa dawa ya kuivunja nguvu mofini. Moyo ulijibu kidogo, ukachoka. Alifariki saa kumi na moja jioni, mkewe akiwa amemshika kifundo cha mguu, ule mguu wa waya wa moto. Jana daktari wa maumivu alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa sakafuni karibu na mjane. Alisema sehemu ya dawa haikuingia kwenye kopo. Ilimwagika pembeni, chini ya ngozi, dawa ya wiki nyingi, na mwili ukainywa yote mchana mmoja. Hospitali inachunguza, na wenye kazi hiyo waifanye. Wifi alimuuliza kitu kimoja tu: "Ningemwamsha, angeishi?" Daktari yule hajui kusema uongo. Alisema, "Pengine." Wifi akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa mzigo wake.

Basi sikilizeni, ndugu, majirani na marafiki. Alinyamaza mkewe, alinyamaza seremala, alinyamaza muuza ndoo, na dada wa damu aliondoka kwa kunyata na machungwa yake. Hapa mbele hakuna muuaji. Kuna mwanamke aliyeombwa jambo moja na mtu anayempenda, akalishika kwa roho yake yote. Mwenye neno zaidi ya hapo asilipeleke kwa mjane. Alilete kwa wifi yake huyu anayesoma, na alilete kwa sauti ya juu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, dada wawili, jirani yake seremala ambaye tangu Jumatano hajawasha msumeno, na mafundi wenzake waliosimama pale nyuma na sare zao za kazi. Mungu amweke pema, apumzike kwa amani, bila waya wala sindano. Naye mjane hajafumba jicho tangu siku ile, kwa sababu kila akilala anausikia mkoromo ukikatika, anaruka kwenda kuamsha mtu ambaye hayupo. Kwa hiyo tunapomfukia kaka, tumwombee wifi. Leo mwenye kuhitaji usingizi ni yeye.